Mdomo Wazi

Apondi aliniambia nipanue, nikapanua.
Taa ikashuka hadi karibu na pua.
Chini yetu, Kibuye, mafundi walikuwa wanachomea malango,
na mlio wa mashine yake ulikuwa kitukuu cha mlio wao.

"Sasa, Wasonga," akasema, kidole kikilitikisa gego,
"ni kweli mnalipwa kwa dola, mkiwa na kaptula, nyumbani?"

Aaa, nikasema.
Ndio au hapana, achague.

"Mimi miaka sita, saba ukihesabu migomo.
Kisha Homa Bay, usiku, nashona midomo ya walevi.
Mkopo wa serikali mpaka leo unatafuna mshahara wangu
kama kiwavi kwenye sukuma.
Na wewe? Miezi minane katika saiba ya Kondele!"

Kumi na minne. Na deni la saiba nililipa kwa kufagia.
Lakini mwenye kiti hiki hajibu, anameza.

Sindano. Shavu likaanza kuhama.

Akawapanga wenzetu wa darasa kama vyuma vyake kwenye sinia:
Adhola wakili, anayelipwa kwa kila barua,
hata ile ya kusema hakuna jipya.
Rapudo rubani, kila mwaka lazima apimwe macho na moyo,
siku herufi zikimchezea ukutani, mabawa yamekatwa.
Keya wa hesabu za bima, anayejua tutakufa lini
na halali vizuri hata kwa pesa zile.
"Nyinyi hampimwi chochote."

Tunapimwa, Apondi.
Saa tisa ya usiku, mtu wa Toronto
ambaye sijawahi kuona miguu yake
huniuliza mstari wa mia nne unafanya nini pale.
Wewe umesoma meno thelathini na mawili, yakaisha.
Hakuna atakayetangaza Januari
toleo jipya la gego.
Ninachokijua mimi huoza kikiwa bado mkononi,
na siku hizi kuna mashine inayoandika nikiandikacho,
haiumwi shingo, haina mama Nyamasaria wa kutumiwa pesa.
Machi walipunguza watu kumi na mmoja.
Barua ilikuja kabla ya chai.
Wengine nywila zao zilikataa
hawajamaliza hata kusoma salamu.
Hakukuwa na ganzi.
Mimi nilibaki, nikaongezwa mshahara.
Sijamwambia mtu ni lipi kati ya hayo mawili linaniamsha.

Aaa, nikasema.
"Najua, najua. Tulia."

Goti lake kwenye ubavu wa kiti, koleo,
kitu kikalia ndani ya fuvu kama mlango wa zamani,
kisha mlio mdogo, bati na mfupa.
"Ona," akasema, amelishika kwenye mwanga, mizizi mitatu, damu.
"Kazi yangu hiyo. Yako iko wapi?"

Elfu nne na mia tano.
Akanisogezea simu ya kliniki.
Nikaingiza namba. Duara likazunguka, likazunguka.

*Samahani, kuna hitilafu. Tafadhali jaribu tena baadaye.*

"Sentensi hii!" Apondi akapiga meza.
"Mara tatu kwa siku! Nikimpata aliyeiandika
nitamng'oa yote, bila sindano."

Ile *tafadhali* niliipigania Jumatano nzima.
Walisema inapoteza nafasi kwenye kioo.

Mate yalinichuruzika upande ambao haukuwa wangu.
Nikatoa noti, nikazihesabu mara mbili, nikamwachia chenji.
Akalifunga jino kwenye pamba, akanitilia mfukoni
kama mtu anayempa mtoto peremende.

Kwenye ngazi, cheche za mafundi zikiruka kwenye vumbi,
ulimi ulikwenda kwenye shimo,
ukarudi,
ukajaribu tena.